Battir: kijiji ambacho wiki yake ina siku nane

Katikati ya kijiji cha Battir, chini kidogo ya chemchemi, lipo birika la mawe ambalo asili yake ni enzi za Warumi. Maji hujaa humo usiku. Kukipambazuka mtu hushuka na ufito, huutumbukiza, huangalia umelowa hadi wapi, na kwa alama hiyo kila mwenye bustani hujua fungu lake la siku. Hakuna mita wala bili. Koo kuu za kijiji ni nane, kila ukoo una siku yake, na zamu ikimaliza kwa wa nane inarudi kwa wa kwanza. Hapo ndipo ulipotoka msemo wa wenyeji kwamba wiki ya Battir ina siku nane.

Nitaufuata ufito huo katika kisa kizima, kwa sababu naona wengi wanaosimulia habari za Battir wameshika mkia wakaacha kichwa. Habari inayozunguka ni fupi: jeshi la Israeli lilitaka kupitisha pale ukuta wake wa kujitenga na Wapalestina, UNESCO ikakitangaza kijiji kuwa urithi wa dunia mwaka 2014, ukuta ukasimama. Panga tarehe moja baada ya nyingine uone kama ndivyo ilivyokwenda.

Jicho la maji

Battir iko kama kilomita 7 kusini-magharibi mwa Jerusalem, magharibi ya Bethlehem, katika Ukingo wa Magharibi wa Palestina. Wakazi wake ni takriban 5,000. Nchi yenyewe ni milima ya mawe ya chokaa inayoteremka kuelekea Bahari ya Mediterania. Mvua hunyesha wakati wa baridi tu, kiangazi hakidondoshi hata tone, na udongo usipozuiwa huishia bondeni. Basi watu wa huko walifanya kama walivyofanya wanavijiji wengi wa ukanda ule, kuanzia Lebanoni hadi Hispania: waliukata mlima matuta ya ngazi, kila tuta likazuiwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Juu kabisa, ambako maji ni ya mvua peke yake, ipo mizeituni, mizabibu, mitini na milozi. Chini ya chemchemi ziko bustani za mboga.

Kwa Kiarabu chemchemi ni ain, neno lile lile la jicho, nasi husema jicho la maji. Battir ina macho kadhaa, na lililo kubwa linaitwa Ain al-Balad. Karibu nalo kuna andishi la Kilatini lililochongwa mwambani, likitaja majeshi mawili ya Kirumi, la Tano Macedonica na la Kumi na Moja Claudia. Hawakuja kuoga hao. Kilima kilicho juu ya kijiji ndipo ilipokuwa Betar, ngome ya mwisho ya Wayahudi walioasi wakiongozwa na Bar Kokhba, iliyoangushwa mwaka 135. Waarabu wa Battir wenyewe wanapaita Khirbet el-Yahud, yaani magofu ya Wayahudi. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila upande katika mgogoro wa nchi ile hupenda kusimulia historia kana kwamba upande wa pili ulifika jana. Kilima kimoja cha Battir kimebeba vyote, na jina la pale halikumficha mtu.

Zao lenye sifa ni bilinganya. Betinjan Battiri huitwa kwa jina la kijiji masokoni, na hilo betinjan ni jamaa wa mbali wa neno letu bilinganya, limepitia midomo mingi njiani kabla ya kutufikia. Bilinganya hunywa maji kama mtu mwenye homa. Huwezi kuilima kwenye nchi kavu kama ile mpaka uwe na hakika kwamba siku yako ya zamu itafika na maji yatakuwepo. Kwa hiyo zao hilo linakueleza habari za mpangilio wa maji kabla hujauliza. (Msomaji aliyekulia Kilimanjaro atakuwa ameshatabasamu: mifongo ya Wachaga nayo ilichimbwa na kutunzwa na koo, na maji yake huenda kwa zamu.)

Sasa, umri. Faili la kuiombea Battir nafasi kwenye urithi wa dunia lilizungumzia kilimo cha miaka 4,000, na namba hiyo hurudiwa kila mahali. Watu wamekaa na kulima milima ile kwa muda mrefu kweli. Lakini wataalamu waliopima mchanga ulio nyuma ya kuta katika milima ya Jerusalem, kwa njia inayoonyesha ni lini chembe zake ziliona mwanga mara ya mwisho, wamekuta kwamba matuta mengi yanayosimama leo ni ya karne chache zilizopita. Hilo halikipunguzii kijiji heshima hata kidogo. Ukuta usio na saruji hutumbuka. Mvua kubwa ikija, kipande kinaanguka, na mwenye shamba asipokipanga upya kabla ya mvua ijayo, tuta zima linafuata, kisha la chini yake. Kuta za Battir ni changa kwa sababu hakuna kizazi kilichoacha kuzipanga. Angekuwa ameacha mtu, tungekuta rundo la mawe lenye miaka 4,000 na tusingekuwa na la kusimulia.

Reli, na nguo zilizoanikwa

Tarehe 26 Septemba 1892, zama za Waothmani, ilifunguliwa reli ya Jaffa hadi Jerusalem, iliyojengwa na kampuni ya Kifaransa. Ilikuwa ya upana wa mita moja, kipimo kile kile cha reli ambayo Waingereza walianza kuijenga kutoka Mombasa miaka minne baadaye. Ilipita bondeni chini ya Battir na kituo kikawekwa pale. Kijiji cha wakulima wa mboga kikajikuta na usafiri hadi soko la mji mkubwa. Mboga za alfajiri zilifika Jerusalem zingali na umande. Reli hiyo ndiyo iliyokitajirisha kijiji, na ndiyo iliyokaribia kukimaliza.

Mwaka 1945 serikali ya Waingereza ilihesabu watu 1,050 Battir. Vita vya 1948 vilipofika, karibu wote walikimbia, kama walivyokimbia watu wa vijiji jirani upande wa magharibi ambao wengi wao hawakurudi tena. Hapa anaingia Hasan Mustafa, mwenyeji aliyesoma, aliyebaki na kundi dogo la wanaume. Walichofanya kinasimuliwa Battir hadi leo: walianika nguo kwenye kamba za nyumba zisizo na watu, wakawasha taa usiku madirishani, wakapita huku na huko mchana, ili askari wa Israeli walio ng'ambo ya bonde waamini kijiji kimejaa. Kijiji kikabaki kwenye hesabu ya vijiji vyenye watu, na wenyewe wakarudi taratibu.

Mkataba wa kusitisha mapigano kati ya Israeli na Jordan ulitiwa saini Rhodes tarehe 3 Aprili 1949. Israeli ilitaka reli yote iwe mikononi mwake, na mstari wa mpaka ukachorwa kwa namna hiyo. Nyumba kadhaa za Battir na karibu theluthi ya ardhi yake vikaangukia ng'ambo. Vijiji vingine vilivyopatwa na jambo kama hilo vilipoteza mashamba moja kwa moja. Battir, kwa juhudi za Hasan Mustafa, ilipata makubaliano ya peke yake: wenyeji wataendelea kuvuka reli kwenda kulima ardhi yao, nao watahakikisha garimoshi halidhuriwi.

Soma tena masharti hayo. Ardhi haikubaki kwa hati, wala kwa ushindi wa bunduki. Ilibaki kwa sababu kuna watu waliosema wataendelea kuilima, kisha kweli wakaendelea kuilima, mwaka baada ya mwaka, wakivuka mbele ya macho ya askari. Baada ya vita vya 1967 pande zote mbili za reli zikawa chini ya Israeli, na kuvuka kukawa jambo la kawaida. Kisha makubaliano ya Oslo ya miaka ya 1990 yakaigawa Battir tena kwa herufi: penye nyumba pakawa Eneo B, ambako utawala wa kiraia ni wa Wapalestina, na sehemu kubwa ya mashamba ikawa Eneo C, ambako mamlaka yote ya ardhi na ujenzi yako kwa Israeli. Wengi wangedhani mambo ya 1949 yamepitwa na wakati. Miaka sitini na kitu baadaye yalikuja kuwa hoja kuu mahakamani.

Kesi

Israeli ilianza kujenga ukuta wa utengano mwaka 2002. Kwa Battir, njia iliyopangwa ilifuata reli: uzio, barabara ya doria, na mashamba ya ng'ambo kufikiwa kwa milango. Wizara ya Ulinzi ilisema nia ni usalama, pamoja na usalama wa garimoshi, na kwamba madhara kwenye matuta yangekuwa madogo.

Mtu wa mbali angeweza kushawishika. Kwani uzio mwembamba unaharibu nini? Aliyeelewa ufito na birika hashawishiki. Mfereji wa maji hauna lango la kufunguliwa saa fulani. Zamu ya ukoo ikiangukia siku ambayo askari hajafungua, maji yanapita bure na mtu wa siku ya pili hawezi kumsubiri. Ukuta wa tuta ukitumbuka usiku wa mvua, unahitaji mikono kesho yake asubuhi, na kibali cha wiki mbili zijazo hakiusaidii. Kuharibu mpangilio wa namna hiyo hakuhitaji kubomoa jiwe hata moja. Inatosha kuchelewesha watu.

Mwaka 2012 wanakijiji walifika Mahakama ya Juu ya Israeli wakiwa pamoja na Friends of the Earth Middle East, shirika la mazingira lenye watu wa Israeli, Palestina na Jordan. Hoja zao, nikizipanga kwa uzito ninaouona mimi, zilikuwa hizi. Kwanza, yalikuwepo makubaliano ya 1949 na kijiji kimeyatimiza. Garimoshi limepita salama chini ya Battir miaka yote hiyo, kwa hiyo ulinzi unaotafutwa kwa uzio upo tayari na haugharimu kitu. Pili, kinacholindwa ni mfumo unaofanya kazi, na ushahidi wake ulikuwepo. Miaka kadhaa kabla ya kesi, ofisi ya UNESCO ya Ramallah na wenyeji walikuwa wameanza kupima na kuchora ramani ya matuta, mifereji na chemchemi, kazi ambayo mwaka 2011 iliipatia Battir tuzo ya Melina Mercouri ya utunzaji wa mandhari za kitamaduni. Michoro hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya jaji. Kwa bahati ilikuwa tayari jaji alipoihitaji.

Kisha likatokea ambalo hakuna aliyelitegemea. Mamlaka ya Hifadhi za Asili ya Israeli, chombo cha serikali ile ile iliyokuwa inashtakiwa, ambayo awali haikuwa imeukataa mpango, iliandikia mahakama kwamba uzio ungeyadhuru matuta na kwamba ipo haja ya kutafuta njia nyingine. Hata baadhi ya walowezi wa Gush Etzion, kundi la makazi ya Waisraeli katika Ukingo wa Magharibi, waliupinga uzio huo. Sababu zao zilikuwa zao: hawakutaka mstari wowote utakaowaacha wao upande wa pili. Ni vizuri kulisema wazi, maana kuna simulizi tamu zinazoonyesha kwamba kila mtu aliungana kwa upendo wa bilinganya. Hawakuungana. Watu wenye nia zinazopingana walijikuta wanasukuma mlango mmoja.

Mwaka 2013 mahakama iliitaka serikali ijieleze na ilete njia mbadala. Januari 2015 jambo likaishia hapo: uzio usijengwe kwa mpango ule. Haikuwa hukumu iliyosema kijiji kina haki milele. Kama serikali itautaka tena uzio, irudi na mpango mpya.

UNESCO ilifanya nini hasa?

Palestina ilipokelewa kuwa mwanachama wa UNESCO tarehe 31 Oktoba 2011. Kanisa la Kuzaliwa Yesu, Bethlehem, likaandikishwa mwaka 2012, na Battir ikafuata Juni 2014 kwenye kikao cha Doha, chini ya jina refu linaloanza na "Palestina: nchi ya mizeituni na mizabibu". Eneo lenyewe ni karibu hekta 349, na ukanda wa kulizunguka hekta 624 hivi. Liliombwa kwa utaratibu wa dharura na siku hiyo hiyo likawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. ICOMOS, baraza la wataalamu linaloishauri kamati, lilipendekeza lisiandikishwe kwa njia hiyo, na nchi wajumbe zikapiga kura kulipitisha.

Utaona basi kwamba mahakama ilikuwa imeshaibana serikali kuhusu uzio kabla ya kikao cha Doha. Sisemi uandikishaji haukuwa na maana. Uliifanya serikali ione kwamba kurudi kwenye mpango wa zamani kungekuwa na gharama mbele ya dunia, na pengine ndiyo sababu uamuzi wa 2015 ulikuja kimya kimya hivyo. Lakini kilichofungua njia ni kazi ndogo ndogo za kabla yake: ramani zilizochorwa kwa mkono wa wenyeji, makubaliano yaliyoshikwa, na zamu isiyokatika. Kama Battir ingekuwa kijiji kizuri chenye matuta yaliyoachwa, chenye birika kavu la kupigia picha, ningeweka shaka kubwa kwamba faili lile lile lingelinda hata hatua moja ya mlima.

Wenye mashaka na ICOMOS kwamba lilikuwa kali kupita kiasi nawaelewa, ila siungani nao kabisa. Baraza lilikuwa linauliza hatari hii ni ya dharura kiasi gani, na mandhari hii ina kipi cha pekee kuliko matuta mengine ya Mediterania. La pili lilikuwa na jibu zuri, na jibu hilo ni lile la zamu. Faili lilitumia nguvu nyingi mno kwenye umri na chache mno kwenye ufito.

Tangu hapo watalii wameongezeka, njia za kutembea zimewekwa alama, na birika limekuwa mahali pa kupigia picha. Ni pato, sikatai. Lakini mtalii hapangi ukuta uliotumbuka, na kijana aliyepata kazi ya mshahara mjini haoni sababu ya kuamka alfajiri kufuata fungu la maji la robo bustani.

Makhrour

Eneo la urithi halikomei kwenye bustani za chemchemi. Linaingia pia bonde la Makhrour, upande wa mji wa Beit Jala, lenye mizeituni, mizabibu na vibanda vya mawe vya kulindia mavuno. Kule hakuna jicho la maji la kugawa. Ni kilimo cha mvua, na mkulima anaweza kukaa miezi bila kukanyaga shamba lake, kwa sababu mzeituni hauhitaji zaidi ya hapo.

Agosti 2024 serikali ya Israeli ilitangaza kutenga ardhi kwa ajili ya makazi mapya ya walowezi yaitwayo Nahal Heletz, ndani ya eneo hilo hilo lililoandikishwa. Orodha ya UNESCO haikuzuia tangazo.

Tofauti ya Makhrour na bustani za Battir iko kwenye sheria ya zamani kuliko dola zote zinazogombana leo. Sheria ya Ardhi ya Waothmani ya 1858 ilisema ardhi ya aina ya miri, yaani ya dola lakini iliyo mikononi mwa wanaoilima, ikikaa miaka mitatu mfululizo bila kulimwa, inaweza kurudi kwa dola. Israeli imeitumia kanuni hiyo kutangaza sehemu kubwa za Ukingo wa Magharibi kuwa ardhi ya serikali. Chini ya chemchemi, kanuni hiyo haina pa kushikia: kila tuta lina jina la ukoo, kila ukoo una siku, na siku hiyo ikipita bila mwenyewe kutokea, majirani saba wanajua. Kule juu bondeni anayejua kama shamba la mtu lililimwa mwaka jana ni mwenyewe tu, pamoja na anayepiga picha za angani.

Kwa hiyo wenye mizeituni ya Makhrour sasa wana kazi ambayo babu zao hawakuwa nayo: kulima kwa namna itakayoonekana. Kupalilia chini ya mti ambao haujadai kupaliliwa, kurudishia mawe kwenye kuta za matuta yasiyozaa sana, kupitisha jembe kila mwaka na kuweka kumbukumbu ya tarehe.